Jitu Juu ya Winchi

Shule niliishia darasa la pili. Mwalimu alikuwa na fimbo ya mpera, nyumbani kulikuwa na mbuzi wa kuchunga, nikachagua mbuzi. Kiswahili nasoma polepole, Kiingereza changu ni cha kuombea ndoo na ufagio. Lakini hadithi, kule kwetu Malindi, watu walinijia mpaka mkeka ukajaa.

Nilipohamia Wembley kwa binti yangu, msikilizaji akabaki mmoja, mjukuu wangu wa kike wa miaka tisa, na yeye akaacha kuja. Kiswahili anaelewa, anajibu Kiingereza. Nikaanza kuogopa kwamba nitakufa mtoto huyu hajaniambia jambo nikalielewa.

Kwenye nyumba ya wazee nilikofanya usafi kulikuwa na nesi Mfilipino, mama mpole, akinigawia chakula chake. Mchuzi wao una siki, ilinichukua mwezi kuuzoea. Siku moja akanipa kitabu cha katuni cha kwao, kimeandikwa Kiingereza. Nikampelekea mtoto. "Nisomee, mimi naona picha tu."

Akasoma, kisha akanieleza kwa Kiswahili, maana njia nyingine hakuna.

"Babu, huyu anaitwa kapre. Ni jitu, linavuta sigara kubwa, linakaa juu ya mti. Mti umekatwa wajenge ghorofa. Sasa linakaa juu ya winchi."

Winchi kama zile za uwanja mpya uliokuwa ukijengwa, tulikuwa tukiziona dirishani.

"Linamwangalia mama anayeuza samaki chini. Linampenda."

Moyo wangu ulijaa. Na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu hadithi ikipita karibu yangu siwezi kuiacha iende zake.

"Jitu halipendi mtu," nikasema. "Jitu linakula. Kwanza litamwita kwa sauti ya mumewe."

"Siyo hivyo, Babu."

"Ngoja. Halafu yule mama atapanda…"

Akafunga kitabu. "Basi simulia wewe. Wewe unajua kila kitu." Akaenda chumbani, na siku tatu nzima ikawa Kiingereza.

Binti yangu alikuwa akikunja nguo. "Baba, tangu lini wewe ukasikiliza hadithi ya mtu? Hata yangu ya kuachwa ulinimalizia wewe."

Ilinichoma, kwa kuwa ni kweli.

Jumamosi nikaacha kiti changu nikakaa chini kwenye zulia, mahali pa wasikilizaji. Kitabu nikakiweka juu ya kochi. Kwetu msimulizi huanza kwa paukwa, wanaosikiliza huitikia pakawa, na mimi tangu ujana sikuwahi kuitikia. Mtoto alisimama mlangoni akinitazama. Akaja akakaa, akafungua ukurasa.

"Paukwa," akasema, kwa sauti ya kunijaribu.

"Pakawa."

Jitu likapanda winchi yake, likawasha sigara, moshi ukafunika mji mpaka watu wakatoa miavuli. Nilikuwa na swali, kwamba jitu zito namna hiyo linajisaidia wapi kule juu. Nikalimeza. Mpaka leo sijui.