Kibuyu cha Bwana Ramiro kule Mnyambe

Mimi si mtu wa kusafiri. Nilitoka Mkomaindo kwa hasira, na hasira yenyewe ilipandishwa na jirani yangu, Mama Neema. Alinikuta uani napepeta mbaazi, akakaa bila kukaribishwa, akaniambia kaka yake ametoka Mnyambe na amemwona mkwe wangu Lukas, mume wa binti yangu Sofia.

"Siku hizi anakula na yule mzungu wake sahani moja," akasema. "Wananyonya mrija mmoja, hana haya. Mama Sofia, huyo wewe atakuheshimu vipi?"

Mzungu mwenyewe alikuwa fundi wa kuchimba visima, ametoka nchi inaitwa Ajentina, na Lukas alikuwa kibarua wake. Nikamwambia Mama Neema kwamba sikumlea Sofia akaishi na mtu asiyejua mkwe ni nani. Akacheka. "Siku hizi ruksa, mama!"

Ruksa! Miaka ile ukimwuliza mtu kwa nini amevua adabu anakujibu ruksa. Ruksa ya sabuni na mafuta ya kula naikubali, maana foleni ya sabuni tuliipanga mpaka miguu ikavimba. Lakini ruksa ya kumvunjia mkwe heshima haikutangazwa redioni, au kama ilitangazwa, siku hiyo mimi sikuwa na betri. Kwetu mwanamume hali wala hanywi chombo kimoja na mama wa mkewe. Hampi mkono, na wakikutana njiani anapisha. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Nikafunga safari kwenda kumchukua binti yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Masasi mjini, nimeketi mbele kwenye lori la saruji. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, mimi nikamjibu mm, mm, mpaka akanyamaza mwenyewe. Tulipofika upande wa Chidya alisimama tununue ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha na chumvi. Mwenzenu ming'oko naipenda kuliko nyama, lakini siku hiyo nilitafuna tu. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Lukas kupitia kwa Sofia, kila neno na mahali pake.

Newala tuliingia jua limepanda. Huko juu upepo ni wa baridi hata mchana, na maji hakuna. Yako bondeni, na wanawake niliowaona barabarani na ndoo kichwani walikuwa wameshuka alfajiri na ndiyo kwanza wanarudi. Basi kisima kule si jambo la mchezo, na kazi ya kisima ndiyo iliyokuwa inawalisha Sofia na mumewe. Nilijua. Hasira haikupungua.

Mnyambe nilifika alasiri. Sofia alinikimbilia na kunipokea kikapu. Lukas aliniona kwa mbali, akatoka njiani, akachuchumaa na kuinamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, sikugeuka. Moyoni nikasema anaigiza huyu, ameshajua nimefuata nini.

Halafu akatokea Bwana Ramiro mwenyewe. Mrefu, ndevu nyekundu kwa vumbi, Kiswahili alichojifunzia Morogoro. "Mama mkwe! Shikamoo! Kesho mimi napika!" Akanikumbatia. Mbele ya watu! Nilisimama kama mchi, sikujua mikono niiweke wapi.

Kesho yake tangu saa tatu alikuwa uani na aproni. Jamani, mwanamume kaoka, wanawake tumekaa! Mbuzi alimpasua kifuani, akamtandaza kwenye msalaba wa chuma, akausimika ukielekea makaa. Hakumweka juu ya moto, alimweka kando yake, na kiungo ni chumvi tupu. Mpaka saa nane alikuwa anageuza tu, na ole wako umguse mbuzi wake. Mchuzi wake haupikwi. Ni vitunguu saumu, pilipili na majani makavu yaliyolowekwa kwenye siki na mafuta. Nyama ile ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Sambusa zao huokwa, hazikaangwi, na ndani ya nyama wanatia yai la kuchemsha na zabibu kavu. Zabibu kwenye nyama! Nikazitoa moja moja nikawapa kuku. Mwisho akaleta maziwa aliyoyachemsha na sukari tangu asubuhi mpaka yakawa mazito, rangi ya asali. Hayo nilirudia mara tatu, na Sofia alicheka.

Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Mimi na Sofia kwenye mkeka wetu, Lukas na vibarua wenzake wawili kule, ametupa mgongo. Nikaanza kutafuta kosa nisilione.

Alasiri ndipo Bwana Ramiro alipotoa kibuyu. Kidogo, kinaingia kwenye kiganja, kimeshindiliwa majani makavu ya kijani. Unamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, unanyonya kwa mrija wa chuma. Anayemimina ni mmoja. Mtu akimaliza anamrudishia, anajaza tena, anampa anayefuata. Kibuyu kilekile, mrija uleule.

"Kwetu," akasema akivuta mikeka kwa nguvu, "hakuna huku na kule. Duara moja! Familia moja!"

"Bwana Ramiro," Sofia akamwambia, "mama na Lukas hawawezi kunywa pamoja."

"Wanaweza! Ni dawa ya tumbo!" Akacheka, akaniketisha, kibarua mmoja tu kati yangu na Lukas. Kabla sijashukuru Mungu kwa huyo mmoja, kibarua akanyanyuka kwenda kutazama moto. Nikabaki mimi na mkwe wangu, bega kwa bega.

Kibuyu kikazunguka. Lukas akinywa, baada yake ni mimi. Nikinywa nimeaibika uzeeni. Nikikataa nimemtukana mtu aliyenipikia tangu asubuhi, tena bosi wa mkwe wangu. Moyoni nikasema, haya, sasa ndiyo ruksa yenyewe.

Lukas alikipokea kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Alikiachia.

Kikaanguka juu ya jiwe, kikapasuka, maji ya moto yakammwagikia mguuni. Hakupiga kelele. "Kimeniponyoka, bwana," akasema.

Bwana Ramiro aliokota vipande. Kilikuwa cha baba yake, marehemu. Uso ulimbadilika. "Lukas," akasema polepole, "kesho usije kazini."

Loo! Nimelea watoto sita, najua mkono ulioteleza na mkono uliofunguliwa. Nikasimama.

"Bwana Ramiro, keti chini! Hakikumponyoka. Amekivunja kwa ajili yangu. Kwetu mimi na yeye hatunywi chombo kimoja, na hakutaka kukukataa wewe wala kuniaibisha mimi. Amechagua kuunguza mguu wake. Unamfukuza kwa sababu ana adabu?"

Akamwangalia Lukas. "Kweli?" Lukas akatazama chini. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilikuambia mimi," Sofia akasema. "Ukacheka."

Mzungu akavitia vile vipande mfukoni. Kisha akasema, "Mguu ukipona, uje." Akaenda ndani, akarudi na bakuli la bati, akanitilia majani yangu peke yangu. Chungu kama mwarobaini. Nikanywa yote, maana sasa hasira nilikuwa nayo juu yangu mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka, Lukas alinibebea kikapu akichechemea, upande wa pili wa barabara. Alikiweka karibu na gari, akarudi nyuma hatua kumi. Kuzungumza naye hivihivi siwezi, basi nikamgeukia Sofia nikapaza sauti: "Mwambie mumeo asiuloweshe huo mguu. Na umwambie, mama amesema amepata mkwe."

Njia nzima kurudi nilikuwa najisema. Nimevuka wilaya kwa maneno ya uani, nimemhukumu mtu kabla sijamwona, na aliyekuwa ameshika heshima yetu kuliko wote ni yeye. Mzungu yule simlaumu sana; alikosa kwa kutojua, akaambiwa, akasikia. Mimi nilikuwa najua kila kitu, ndiyo maana sikuuliza.

Mkomaindo nilifika jua linazama. Mama Neema alikuwa ameshasimama mlangoni kwangu, shingo ameinyoosha kutazama nyuma yangu.

"Sofia yuko wapi?"

"Kwake," nikamjibu, nikapita ndani.