Mlango wa Mbele

Mzungu alipouza shamba lake la Kiplombe na kwenda zake, wanachama wa kampuni iliyolinunua waligawana vyumba vya nyumba yake kubwa, na mbwa wake akabaki hana mtu. Aliyemchukua ni mzee mmoja aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe wa shamba hilo. Nyaguthii, jirani yake wa chumba cha pili, alimwona kila jioni akiingia kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi, akiketi sakafuni na kumpa mbwa mgongo. Hakumwita wala kumkodolea macho. Kwa vidole vilivyopinda kwa kukamua alisogeza sufuria ya uji wa maziwa, kila wiki shubiri moja karibu naye zaidi, huku akinong'ona kwa sauti ile ile iliyotuliza ng'ombe wakali. Chini ya meza, mbwa alitetemeka tu.

“Mzee, si huyu ndiye alikurarua mguu?” Nyaguthii alimwuliza siku moja. “Sasa unambembelezea nini?”

Mzee aligusa kovu lake. “Mama, alikuwa anatumwa. Hata mimi nilikuwa natumwa.”

Miezi mitatu ikapita. Jioni moja mbwa alilamba uji wote, akainuka, akapita sebuleni mpaka mlango wa mbele, akasimama akingoja kufunguliwa, kama alivyozoea enzi za Mzungu. Mzee akamfuata, kofia mkononi. Miaka yote ile hakuwahi kupitia mlango huo; wafanyakazi walipita jikoni. Mkono ukaganda kwenye kitasa. Mbwa akageuka, akamtazama. Mzee akavaa kofia yake, akafungua, wakatoka pamoja.