Taulo Niliyoifunga Fundo

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, ukumbi umejaa mpaka watu wameparamia madirisha, nami nimesimama kwenye kona ya ulingo, taulo nimeifunga mafundo mawili kiunoni. Mwanangu, taulo ya kona kazi yake wajua: bondia akizidiwa, mtu wake anairusha ulingoni na pigano linakwisha. Sasa sisi wa Timbwani, mtaa wa Likoni, tulikuwa na desturi yetu ya kijinga. Taulo tulikuwa tukiifunga kiunoni, fundo juu ya fundo, ukumbi mzima uone kwamba Likoni haitupi taulo. Watu walikuwa wakishangilia fundo kabla ngumi haijarushwa.

Mimi darasani niliishia la nne. Niliyo nayo leo, karakana yangu ya kuchomelea vyuma pale Shika Adabu, nimeijenga kwa mikono hii, na sina haya kujisifu. Lakini kwa jambo hili sina la kujisifia, na nitakwambia kama lilivyokuwa.

Bondia wetu aliitwa Athumani. Tulikua pamoja, tukala sahani moja kwa mamake, Bi Mwanasha. Jumatano kabla ya pigano alipigwa kichwani mazoezini, akaanguka. Akainuka, akacheka. Njiani kurudi nyumbani akatapika ukutani, na nilipomtazama miguuni nikaona amevaa ndara kinyume, ya kulia kushoto.

"Kombo," akaniambia, "usimwambie Mzee Faki."

Mzee Faki ndiye aliyekuwa akitufundisha, na kona alikuwa ameniachia mimi. Angalijua, Athumani asingalipanda ulingoni. Nikamwambia, "Nimwambie nini? Umekula viazi vibaya." Nikamnunulia dawa ya kichwa, yakaishia hapo.

Siku ya kupimwa uzito daktari akauliza kama kuna aliyeanguka wiki ile. Athumani alinyamaza. Nikamjibia mimi: "Huyu chuma, daktari. Andika."

Basi kengele ikalia. Kijana wa Kisauni, Saidi jina lake, alikuwa mwembamba, mwenye adabu, ngumi zake za kawaida. Raundi mbili zikapita sawasawa. Ya tatu Athumani akaanza kushusha mikono. Alipokuja kukaa akaniuliza polepole, "Kombo, hii raundi ya ngapi?"

Nami nikacheka, mwanangu. Nikamjibu, "Raundi ya kupiga. Nenda!"

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia. Raundi ya nne alipigwa moja ya shavuni, ambayo siku nyingine asingaliihisi, akaenda chini kama nguo iliyoanguka kambani. Nikakimbilia lile fundo. Fundo likakataa, na hata lingalifunguka lingalisaidia nini? Alifariki hospitalini Jumatatu kabla ya adhuhuri. Tukamzika siku hiyohiyo.

Na hapo ndipo nilipokosa kosa la pili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Mtaani watu wakaanza kusema kwamba Saidi alifunga bandeji za jasi, zile zinazoganda kama jiwe, ndani ya glavu. Nani alianza, sijui. Wakaja kwangu: "Kombo, wewe ulikuwa karibu. Uliona?" Nikawajibu, "Mimi sikuona vizuri." Maneno matatu tu! Lakini moto hautaki zaidi ya njiti moja. Vijana wakaapa kumngoja Saidi akishuka feri. Yule mtoto wa watu akawa hatoki kwao, na babake akatukanwa sokoni kuwa amezaa muuaji. Nami nikakaa kimya, kwa kuwa kila jicho lililomtazama yeye lilikuwa halinitazami mimi.

Siku ya tatu Mzee Faki akanifuata kazini. Hakuketi wala hakuitikia shikamoo yangu.

"Lete ile taulo," akasema.

Nikaitoa mkobani. Niliivua kwa kuishusha miguuni, sikuwa nimeifungua tangu siku ile.

"Fundo hili alilifunga Saidi?"

"La, mzee."

"Na Jumatano, ndara alizovaa kinyume, Saidi alimvisha?"

Kumbe jirani alituona njiani, na maneno yalikuwa yamemfikia. Akaniambia, "Mimi ni mkubwa wenu, na kosa la kutojua nalibeba. La kujua ukanyamaza, hilo lako. Leo baada ya alasiri kuna hitima, kisomo cha kumwombea Athumani. Utasema kwa kinywa chako ama nikusemee mimi mbele ya watu."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema kwamba aliyeficha maradhi ya mwenziwe hulia mara mbili. Hitima ilipokwisha, sahani hazijaletwa, nikasimama mkekani. Nikasema yote: kutapika, ndara, daktari, raundi ya ngapi. Nikasema Saidi hana kosa, ngumi yake ilikuwa ngumi ya halali. Mjomba wa marehemu akanyanyuka kunipiga, akashikwa.

Ndipo sauti ya Bi Mwanasha ikatoka upande wa wanawake. "Kombo!"

"Naam, mama."

"Mwanangu alitapika, nawe wajua?"

"Nilijua, mama."

Kisha akasema, "Mwendeeni huyo kijana wa Kisauni, mumlete kwa heshima. Aje ale kwangu, watu wote waone." Na kwangu akasema, "Nawe kaa ule. Lakini usinitazame."

Saidi akaletwa na babake. Alishika tonge hata wali ukapoa mkononi. Bi Mwanasha mwenyewe akatoka, akamwambia, "Meza, mwanangu. Mimi sina neno nawe." Yule kijana akalia kwa kwikwi mbele ya wale waliomwapia kifo, nao wakainamisha vichwa. Mimi Bi Mwanasha alinisamehe, lakini baada ya miaka mingi, na sikumlaumu kwa kuchelewa.

Mchezo nao ukafa. Wazee wa mtaa wakakataza ngumi ukumbini, zikabaki harusi na mikutano. Kina mama wakawachukua watoto wao, glavu zikaliwa na ukungu ukutani. Saidi hakupanda ulingo tena maishani. Ngumi ziliporudi kwetu, wengi tulikuwa na mvi, nazo zilirudi kwa masharti: aliyeanguka mazoezini hapigani mpaka daktari amwachilie, na taulo hukaa juu ya kamba, wazi, haifungwi popote. Wako wasemao mchezo huu ukatazwe kabisa. Siwalaumu, walizika. Lakini nimeona ngumi zikimtoa kijana kwenye bangi zikampa kazi, na aliyetuua siku ile hakuwa mchezo peke yake.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwetu, ninayemsimamia kona, aliona kizunguzungu siku tano kabla ya pigano. Akaniomba, "Mzee, mwambie daktari niko fiti. Wakubwa wanakuja kuchagua mabondia wa kuajiri katika timu zao, nafasi hii hairudi." Nikamwandikisha mgonjwa. Akaniita muoga mbele ya wenzake, tena "kizee kisicho na shule." Mpaka leo akinipita hanisalimu. Lakini jana nilimwona akimbeba dadake mdogo mgongoni, wanacheka, nikamshukuru Mungu kwa hasira zake. Hasira za aliye hai mimi nazibeba, wallahi, hata akifa nazo uzeeni.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mwenzio akikwambia "usiseme," naye anaumwa, sema. Atakuchukia, mwache akuchukie. Na ukikosa, usimwache mtu mwingine abebe kosa lako hata siku moja, kwa kuwa mimi nilimwachia mtu siku tatu, na siku tatu zile bado nazilipa. Sifa za ukumbi huisha watu wakifika kituo cha matatu. Mama wa mwenzio utaonana naye kila siku.

Mola akupe ulimi mwepesi kwa kweli na mkono mwepesi wa kuokoa, akulinde kichwa chako na vya wenzio, na mamako asiitwe mfiwa kwa ajili yako. Amin.