Namba Alizozichagua Imakulata

Imakulata Lyamba alipomaliza chuo cha ufundi alirudi kwao Mpanda na rula, kikokotoo, na imani kubwa mno katika vitabu. Kazi yake ya kwanza ya peke yake, mwaka 1995, ilikuwa jukwaa la zege huko Magamba la kubeba tangi la maji la zahanati. Lita elfu kumi zingekaa juu, na chini yake wangepita wajawazito na watoto wa kliniki.

Alichora kwa wiki mbili. Alipofika mahali pa kuandika nguvu ya vifaa, hakusita. Zege aliliandikia ishirini na tano, nondo akaziandikia mia nne na sitini, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa katika kila mfano wa kitabu chake. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo kifaa kinavyobeba mzigo zaidi.

Kisha akaenda Kashaulili, mjini Mpanda, kutafuta nondo zenyewe. Alizunguka maduka yote ya vifaa. Nondo zilikuwepo tele, ila zote laini, nyororo kama mpini wa jembe.

"Zile ngumu zenye mikunjo, dada, labda uzifuate Mbeya," muuza duka alimwambia.

Akarudi Magamba amenywea. Fundi Zefania, mwashi aliyejenga nusu ya kuta za kata ile, alimsikiliza huku akikung'uta karai.

"Mwanangu, kumbe umechora nondo usizoziona?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo ishirini na tano ya zege, umeipata wapi?"

"Kitabuni."

Zefania alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi njoo nikukorogee la kwangu, ukaliandike hilo."

Imakulata hakukasirika. Alilichukua zege la Zefania, akalishindilia katika fomu tatu za mraba, yaani visanduku vya kumwagia zege, na lilipoganda likatoka vitofali vitatu, akaviweka ndani ya maji siku ishirini na nane. Halafu akavifunga kwenye magunia, akaongeza kipande cha nondo laini, akapanda treni ya Tabora, kwenye maabara yenye mashine ya kupimia.

Behewani abiria walimkazia macho. Mama mmoja aliyebeba kuku akauliza, "Binti, hiyo ni dhahabu ya wapi?"

"Ni mawe tu, mama. Yanaenda kuvunjwa."

"Toka Mpanda mpaka Tabora kuvunja mawe! Kwenu hakuna nyundo?"

Behewa zima likaangua kicheko, na Imakulata akacheka kuliko wote.

Majibu hayakumfurahisha Zefania. Nondo ilivuka kidogo mia mbili na hamsini. Zege lake lilipasuka kwenye kumi na nne.

"Mashine yao mbovu," alisema, akageuza uso.

Imakulata alichukua chupa ya kioo, akatia mchanga wa mtoni aliokuwa akiutumia Zefania, akajaza maji, akatikisa, akaiweka dirishani mwa zahanati. Muuguzi Bernadetha akaikuta mchana, akaita, "Baba Zefania, njoo uone uji wako!" Juu ya mchanga lilikuwa limetuama tope nene la vidole viwili, lile linaloizuia simenti isishike mchanga.

Mzee aliigeuza chupa mkononi, akaitazama. Akasema, "Na maji nayo namwaga mengi. Yanarahisisha beleshi."

Safari ya pili waliufulia mchanga mtoni kama nguo, wakapima maji kwa ndoo, na Zefania mwenyewe ndiye aliyeshindilia vitofali. Mwezi mwingine, treni nyingine. Majibu yalikuja ishirini na sita. Zefania alicheza hapohapo, suruali ikiwa na simenti mpaka magotini.

"Sasa andika ishirini na tano yako!"

"Nitaandika ishirini, mzee."

"Ala! Na sita zote hizo unamwachia nani?"

"Vile vitofali tulivilea kama mayai. Siku ya kumwaga jukwaa watu watachoka, jua litawaka, ndoo moja itazidi maji. Nataka hata zege letu baya la siku hiyo lisishuke chini ya namba niliyoiandika."

Zefania alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Ukialika wageni ishirini, hupiki ugali wa ishirini."

Imakulata alipiga hesabu upya: zege ishirini, nondo mia mbili na hamsini. Boriti zikawa nene zaidi, na palipokuwa na nondo moja zikaingia karibu mbili. Mchoro haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, lakini kila kitu ndani yake alikuwa amekigusa kwa mkono.

Siku ya kujaza tangi watu walisogea mbali, wakisubiri kuona. Imakulata alikwenda akasimama chini kabisa, katikati ya nguzo nne. Zefania akamfuata akiwa na kiti, akaketi, akakunja nne.

"Nyie njooni," aliwaita, "huku kuna kivuli!"

Maji yalipanda taratibu. Jukwaa halikupasuka popote. Bernadetha akafungua bomba la wodi, akanawa uso, akaanza kuimba, na kina mama wa kliniki wakampokea kwa vigelegele.

Zefania alimgeukia Imakulata. "Jumatatu wanamwaga zege la choo cha shule. Twende na chupa."