Mstari Mwekundu wa Liberatus

Mwaka 1956, katika kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi, hapakuwa na mtu aliyejipenda kama karani Liberatus. Mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja haiandiki. Ukutani alibandika karatasi ya miraba ambayo meneja alimfundisha kuijaza: kila Jumamosi alihesabu tela za kuni zilizochomwa kwenye tanuru la kukaushia chai, akatia nukta, akaiunganisha na nukta ya wiki iliyopita. Meneja alimpa penseli. Liberatus akajinunulia wino mwekundu, maana penseli, alisema, ni ya watu wenye mashaka.

Mstari ulikwenda taratibu miezi yote, ila wiki ya pili ya Julai ukaruka juu. Tela nne zaidi, na chai ni ile ile. Meneja akasema atakayemtaja mwizi kabla ya kesho saa nne atapewa nyumba ya matofali iliyokuwa wazi. Liberatus hakujisumbua kufikiri. Nani anashinda na kuni? Kasian, mchochea moto. Akaandika barua ya kumfukuza kazi, na jioni hiyo hiyo, bila haya, akamtuma mkewe Apolonia akapime madirisha ya ile nyumba ashone mapazia.

Asubuhi akamwita Kasian ofisini.

"Mstari huu hausemi uongo. Kuni ulizipeleka wapi?"

Kasian akaitazama karatasi, kisha sakafu. "Bwana Karani, tuyaache. Wewe nifukuze tu."

"Nimesema, ulizipeleka wapi?"

"Wiki ile tulimzika mama yako."

Huko watu hawaendi msibani mikono mitupu. Kila mwanamume hubeba gogo lake la kuota moto, na Julai ya Mufindi si ya kuchezea. Waliotoka zamu walibeba yaliyokuwa karibu, ya tanuru la kiwanda, na Kasian akageuza uso. Siku nne moto haukuzimika. Liberatus mwenyewe, blanketi mabegani, alisimama mbele ya moto huo akawashukuru waombolezaji, akajisifu kwamba hata machifu hawaliliwi kwa moto wa namna ile.

Sasa alichukua kifutio akasugua mpaka karatasi ikatoboka. Wino haukutoka. Meneja akaingia.

"Jina?"

Liberatus aliona aibu, aibu ya kweli, ya kwanza tangu aajiriwe. Barua akaikalia. "Hakuna mwizi, bwana. Kuni za wiki ile zilikuwa mbichi, ndiyo maana zilikwisha haraka."

Meneja akamgeukia mchochea moto. "Mbichi?"

"Mbichi sana, bwana," alisema Kasian. "Tulitoka machozi wote."

Meneja akavuta faili la hati za kupokelea kuni, amjue mpumbavu aliyekubali kupokea kuni mbichi. Akafunua hati moja, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa na sahihi ile ile, kubwa, yenye mkia mrefu, kwa wino mwekundu. Nyumbani, Apolonia alikuwa ameshakata vitambaa vya mapazia.