Kinu Kitupu Jukwaani

Sifa yote niliyo nayo kama mtunzi wa ngoma imesimama juu ya mchezo mmoja, nao unamwonyesha mwanamke anayetwanga kinu kisicho na kitu ndani yake. Mwanamke huyo ni shangazi yangu. Hakunipa ruhusa, wala mimi sikumwomba.

Miaka ya vita nilikuwa mchezaji katika baleti, maana hivyo ndivyo tunavyokiita hapa Kindu kikundi cha ngoma chenye mavazi yake, mazoezi yake na zamu ya kupanda jukwaani. Niliishi mtaa wa Mikelenge kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minane na kunipeleka kwa mapadri nisome. Mji ulipozingirwa, mashamba yalikuwa papo hapo nyuma ya nyumba za mwisho, lakini ilikuwa shida kuyafikia. Waliokwenda kung'oa muhogo hawakurudi wote. Treni haikuja tena. Chumvi ikaadimika.

Wenye bunduki walioushika mji walipenda kuchezewa. Walituita wachezaji sita, mchana, katika ua wa nyumba waliyoifanya makao yao, na baada ya ngoma wakatulisha wali na makayabu, yale mapande ya samaki wa chumvi. Tulikula pale pale. Mara ya kwanza nilikwenda kwa hofu. Mara ya pili, na zote zilizofuata, nilikwenda kwa sababu ya wali.

Alasiri moja nilipokuwa nikirudi nilisikia mlio wa mchi nikiwa bado njiani. Nilifurahi, nikidhani shangazi amepata muhogo. Uzio wetu wa matete ulikuwa na pengo, nikachungulia. Alikuwa akitwanga kwa nguvu zake zote, na kila mara mchi ulipoinuka niliona ncha yake ni safi, haina chembe ya unga. Chini ndani ya kinu alikuwa ameweka kitambaa kilichokunjwa ili mlio usiwe mkavu. Alitwanga ili majirani wasikie, wasijue kwamba nyumba yake imeishiwa. Nilingoja amalize, nikakohoa, nikaingia.

"Karibu, baba," aliniambia. "Leo tumechelewa kidogo kupika."

"Sina njaa, shangazi."

Nilikuwa nimesema kweli, naye, nilidhani, aliipokea kama adabu.

Ningeweza kuficha pande la samaki ndani ya vazi la ngoma. Wenzangu wawili walifanya hivyo kwa ajili ya mama zao. Mimi niliogopa kuulizwa nimelitoa wapi, kwa sababu mtaani kwetu waliowachezea watu wale walitemewa mate. Nikachagua kulilinda jina langu, na nikaendelea kushiba.

Vita vilipotulia nilikwenda Kisangani, kisha Kinshasa. Goti langu lilipoharibika niliacha kucheza nikaanza kutunga, na mchezo wa kinu ulikuwa wa kwanza kukamilika. Niliupanga kwa uangalifu mkubwa: kimo cha mchi, mkunjo wa kiuno, pumzi kati ya pigo na pigo. Watu walisimama kupiga makofi, na baada ya miaka michache nikakabidhiwa baleti nzima kama mkurugenzi wa sanaa. Kila nilipoulizwa maana ya mchezo nilijibu kwamba ni heshima kwa mama zetu.

Hivi karibuni niliuleta Kindu. Nilimkalisha shangazi mstari wa mbele, pamoja na majirani wa zamani, nikiamini kwamba nampa zawadi. Mchezaji alipouinua mchi uliokuwa safi na kuuonyesha watazamaji, jirani aliyekuwa akiishi ng'ambo ya uzio wetu alimgeukia shangazi akapaza sauti:

"Ee mama! Kumbe ile kinu njo ilikuwa bule, haina kitu?"

Ukumbi ukacheka.

"Na mie nilikukasirikia miaka yote! Nilisema, huyu mwanamuke anatwanga kila siku, hata unga ya kulamba hanitumie!"

"Ningetia mudomo yako ndani," shangazi alimjibu, "kinu ingejaa."

Wakacheka zaidi, naye akacheka pamoja nao. Lakini nilimwona akiuvuta upindo wa kikwembe chake juu ya magoti, akauvuta tena na tena, kama mtu aliyekutwa hajavaa. Siri aliyoilinda kwa njaa ili mtaa mzima usiijue, mimi niliiwashia taa.

Asubuhi yake nilikwenda kwake. Alikuwa akichambua mchele wa Kibombo kwenye ungo.

"Shangazi, nisamehe. Nitauondoa ule mchezo."

Hakuinua macho.

"Kinu niliiona. Mie nilijiona. Ule mutoto mwanamuke anacheza muzuri, lakini anainama sana, mie sikuwa muzee. Sasa wewe, baba, ulikuwa wapi? Katika ule muchezo sikukuona."

"Nilikuwa nje ya uzio."

"Na mbele ya kufika kwa uzio, ulitoka wapi?"

Niliutazama ungo.

"Ulikuwa unanuka makayabu," alisema. "Kila mara. Nguo yako nilifua mie. Nilisema moyoni, iko siku ataleta hata chumvi kidogo."

Alisema bila hasira, akaokota jiwe dogo katika mchele na kulitupa. Nilitamani anikaripie.

"Basi niuondoe?" nikauliza tena, kama mtu asiyesikia.

"Utaondoa nini, na batu wamekwisha kuona? Wacha. Lakini ingia na wewe."

Tangu juma lile tunafanya mazoezi ya sehemu mpya. Niliwaeleza wachezaji kwamba mtu aliyeshiba anasimama nyuma ya uzio akimtazama mwanamke. Yule anayecheza nafasi ya shangazi aliniuliza kama mtu huyo ni askari. Nikamwambia ni mtoto wa kaka yake, na kwamba nitamcheza mimi. Sehemu hiyo haina kuruka, kwa hiyo goti langu linaiweza. Linalonishinda hadi leo ni uso. Kila nikifika pale kwenye pengo la matete, kichwa kinainama chenyewe, na mpiga ngoma inambidi aanze upya, kwa maana siku ile sikukiinamisha.