Mama Zohali na Riwaya Zilizoitwa Makombo

Kibanda kimefunguliwa sasa hivi, na Mama Zohali tayari anabishana na mteja.

"Hivi si ndivyo vitabu vinavyotokana na ile tamthilia ya televisheni?" dereva wa teksi anauliza, akikirudisha kimoja mezani. "Makombo hayo, mama."

"Onja kwanza, mwanangu, ndipo uteme," anajibu muuza vitabu huyo, akimrudishia mkononi. "Kisipokunogea, kilete nikupe kingine."

Kibanda chake cha vitabu vilivyotumika kipo chini ya ngazi za jengo la ofisi, ubavuni mwa fundi simu. Anauza vya kila aina, lakini moyo wake uko kwenye riwaya za Mlango wa Zohali, tamthilia ya safari za anga iliyoanza kuonyeshwa yeye akiwa msichana na ambayo mpaka leo haijafika tamati. Ndiko alikopata jina lake la utani.

"Televisheni ina haraka, inamfuata nahodha tu," anasema. "Yule mpishi wa chombo, pale utamwona akipita na sinia, basi. Kwenye riwaya utajua alimwacha nani duniani, na kwa nini hapendi kukaa dirishani."

Mwaka jana herufi zilianza kumfifilia. Kwanza alilaumu wino, kisha taa. Siku alipompa mteja kitabu cha hesabu badala ya mashairi, alikubali yaishe, akaenda hospitali. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia ndilo lililozidi, tena lina kovu la zamani, hivyo daktari hakumwahidi kitu.

"Nikajisemea, basi, biashara imekwisha. Muuza vitabu asiyeona ni sawa na mpishi asiyeonja."

Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshika kitabu. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akizicheka riwaya hizo. Sasa kila jioni akawa anamsomea mkewe, shingo upande, sura mojamoja.

"Siku moja nikamsikia anacheka peke yake chumba cha pili," mke anasimulia. "Nikamwambia, baba, umenitangulia!"

"Nilikuwa naangalia tu kama kuna maneno magumu," mume anajitetea, macho kwenye cherehani.

Siku ya kufunguliwa bandeji baada ya upasuaji wa jicho la kulia, mume aliketi kando ya kitanda, ameng'ang'ania ukingo wa kiti. Muuguzi akaondoa pamba. Mama Zohali akapepesa jicho, akamkagua mumewe kuanzia shingoni hadi kiunoni, hata mumewe akaanza kuinuka.

"Vifungo vya shati umekosea," akamwambia. "Fundi mzima!"

Walicheka mpaka muuguzi akawasihi wapunguze sauti. Wakirudi nyumbani, alisoma kila bango la barabarani kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, na mumewe hakumkataza.

"Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana mwaka mzima," anasema Mama Zohali.

Jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji baadaye mwaka huu, na safari hii haogopi. Anachowaza ni rafu ya mbele kwa ajili ya riwaya za Zohali peke yake, na benchi la kumwezesha mteja kuonja kurasa chache kabla ya kununua. Mumewe ameahidi kushona mto wa benchi hilo, kwa sharti moja.

"Zikija mpya, anataka azisome yeye kwanza," anasema Mama Zohali. "Nimemwambia apange foleni."